Saa Moja na Dakika Arobaini

Mwalimu Ruthu alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili katika sekondari moja ya Kongwa, na kila mwaka, ilipofika mada ya dunia kama tufe, alirusha ndege ubaoni. Aliirusha kutoka mji huu kwenda mji ule kwa mwendo kasi usiobadilika, na wanafunzi wa kidato cha nne wakatakiwa kusema itafika saa ngapi. Kwa makadirio yake mwenyewe alikuwa amerusha ndege zisizopungua elfu mbili. Kupanda, hakuwahi kupanda hata moja.

Mumewe, Mzee Elisante, naye hakuwahi. Yeye alikuwa mtu wa reli. Kabla ya kustaafu alikuwa steshenimasta wa Bahi kwa miaka kumi na minane, na aliamini kwamba chombo kisichosimama njiani watu wakanunua mayai ya kuchemsha hakijakamilika.

Walikuwa wamejenga Ipagala, Dodoma, na wanaishi kwa amani, mpaka binti yao Anna, aliyeolewa Mwanza, alipojifungua mtoto wa kiume. Mtoto wa kwanza, wa kike, alipewa jina na upande wa baba yake, Fredy. Huyu wa pili ilikuwa zamu ya Dodoma. Anna akapiga simu kusema kwamba yeye na Fredy watawakatia tiketi za ndege waje kwenye ubatizo, na kwamba jina walete wao. Mchungaji alikuwa analitaka Jumamosi jioni, kabla ya ibada ya Jumapili.

Ruthu alitaka mtoto aitwe Sila, jina la marehemu baba yake aliyekuwa katekista. Elisante alitaka aitwe Obedi, jina la marehemu kaka yake. Wakabishana wiki mbili kwa adabu, na ubishi wa adabu ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu hakuna jirani anayekuja kuamua.

Siku Anna alipopiga tena kueleza habari za tiketi, Ruthu alikuwa jikoni anasonga ugali, simu ikapokelewa na Elisante. Mtandao ulikuwa unakatakata. Alichosikia ni neno ndege, halafu saa moja na dakika arobaini. Akaenda mlango wa jikoni akamtangazia mkewe kwamba safari ya Mwanza kwa ndege ni saa moja na dakika arobaini.

Ruthu akasema haiwezekani. Akaepua sufuria, akanawa mikono, akashusha atlasi kutoka juu ya kabati. Ugali ukapoa wakati yeye anatafuta latitudo na longitudo za miji miwili. Tatizo ni kwamba Dodoma na Mwanza haziko juu ya mstari mmoja, kama ilivyokuwa miji yote ya kwenye mitihani, kwa hiyo ilimbidi achore pembetatu na kumwita Pithagorasi. Mwishowe akapata kilomita mia tano na kumi na nane. Kwa barabara, kupitia Singida na Shinyanga, ni kama mia saba, lakini ndege haipiti Singida kununua kuku. Akachukua mwendo wa kilomita mia tano kwa saa, akagawanya, akapigia mstari jibu: saa moja na dakika mbili.

Dakika chache baadaye picha ya tiketi ikaingia kwenye simu. Ndege ilikuwa inaondoka Dodoma saa moja na dakika arobaini asubuhi. Ulikuwa ni muda wa kuondoka, si urefu wa safari.

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Elisante aliitazama ile picha kwa muda, akarudisha miwani mfukoni, akasema msimamo wake ni uleule. Alisema amekaa reli miaka mingi na hajaona safari iliyoisha pale karatasi inaposema itaisha, kwa hiyo ukimwambia saa moja na kidogo, yeye anaweka saa moja na dakika arobaini. Ruthu akamkumbusha kwamba tarakimu hizo amezipata kwa kusikia vibaya. Elisante akajibu kwamba hata nabii Samweli hakusikia vizuri mara ya kwanza.

Tiketi yenyewe ilionyesha kuwa watafika saa tatu kamili, yaani saa moja na dakika ishirini. Hilo wote wawili walilidharau. Ruthu alisema wenye ndege wamejiongezea dakika za uvivu, Elisante akasema wamejipa matumaini.

Hapo ndipo Ruthu alipotoa shauri. Jibu litakalokuwa karibu zaidi na ukweli, mwenye jibu hilo ndiye atakayetaja jina la mtoto. Wakaandika makubaliano nyuma ya ile karatasi ya hesabu: majibu yote mawili, majina yote mawili ya mtoto, tarehe, na sahihi. Karatasi ilikuwa na kila kitu, isipokuwa jambo moja ambalo hawakuligundua mpaka walipokuwa hewani.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa pili Elisante aliwafikisha uwanjani saa mbili nzima kabla ya muda, kwa bajaji, na mzigo wa karanga, zabibu na mlenda mkavu wa kumlisha mzazi. Mzigo ulipita. Kilichokwama ni mkoba wa Ruthu. Alikuwa amebeba atlasi pamoja na kile kikopo chake cha vifaa vya jiometri, ili afuatilie safari kwenye ramani. Binti wa ukaguzi akachomoa bikari, akauliza hiki ni nini.

Ruthu akamweleza kwamba ni kifaa cha kuchorea duara. Binti akasema kina ncha. Ruthu akakubali, akamwambia kwamba bila ncha hakuna kitovu na bila kitovu hakuna duara, akaomba karatasi amwonyeshe. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni. Binti, kwa heshima zote, aliiweka bikari katika boksi lenye mikasi na viwembe, akampa pole. Elisante muda wote huo alikuwa anasoma tangazo la zimamoto ukutani, kama mtu aliyekuja peke yake.

Ndege ilichelewa kufika, na Elisante akaanza kuchangamka. Ilipofika ilikuwa ya mapangaboi, viti viwili huku na viwili huku, nao wakapewa upande wa kushoto, Elisante dirishani. Mlango ulipofungwa akatazama saa ya mkononi na kuandika kwenye kidaftari: saa mbili na dakika tano. Ndege ikatembea polepole mpaka mwisho wa njia, ikageuka, ikasubiri ndege nyingine itue, ikanguruma. Ruthu aliushika mkono wa kiti. Katika ndege zake elfu mbili hakuna iliyowahi kutikisika, wala kunguruma, wala kumsukuma mtu mgongoni. Magurudumu yalipoachana na ardhi, alifungua jicho moja akaangalia saa yake, akasema ni saa mbili na robo, safari imeanza.

Elisante akamwambia yeye ana dakika kumi tayari.

Wakatazamana. Ndipo walipogundua kwamba karatasi yao haikusema safari inaanza lini. Kwa Elisante safari huanza mlango unapofungwa na bendera ya kijani ikapepea, na huisha mlango unapofunguliwa. Kwa Ruthu ndege ikiwa chini ni gari tu, tena gari baya, na muda wa kuruka ni muda wa kuruka. Elisante akasema abiria hakai hewani, anakaa kwenye kiti, na kwenye kiti ameshakaa. Ruthu akasema kwa hesabu hiyo basi safari ilianzia Ipagala kwenye bajaji. Walikuwa wananong'ona, lakini ni minong'ono ya mwalimu na mtu wa stesheni, abiria wa viti vya mbele wakaanza kugeuka.

Mhudumu wa ndege, dada aliyevaa kibao chenye jina Rukaya, akaja kuwaliwaza, akidhani ni woga. Ruthu akamshukuru, kisha akamtaka aseme, yeye kama mtu wa kazi hiyo, safari ya ndege inahesabiwa kuanzia wapi. Rukaya akafikiri, akasema yeye huhesabu tangu anapotoka kwake saa kumi alfajiri. Jibu hilo halikumsaidia mtu.

Ruthu alipomgeukia mumewe kuendelea, hakumpata. Elisante alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Chini, upande wake, mvua za mwaka ule zilikuwa zimejaza mbuga ya Bahi, maji yanametameta, majaruba ya mpunga kama vipande vya kioo kilichovunjika, na reli imepita pembeni kama uzi wa mshonaji. Stesheni hakuiona. Alionyesha kidole mahali inapopaswa kuwa.

Ruthu akasema, ili kumtania, kwamba hata dakika saba hazijafika tangu waache ardhi, na Bahi hiyo hapo.

"Obedi alitembea siku mbili," Elisante akasema.

Akamweleza, bila kutoa uso kwenye kioo. Mwaka ambao yeye Elisante alifaulu kwenda sekondari, mvua ilikuwa kama hii, reli imekatika, na barabara haipitiki. Sare na godoro vilitakiwa Dodoma mjini Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Obedi, mwenye miaka kumi na tisa, alitoka Bahi na mbuzi sita, akapita kwenye maji ya kiuno akiwa amembeba mmoja mabegani, akauza mnadani, akanunua vitu, akamfikisha mdogo wake shuleni. Njiani aliugua kichomi, na kifua hakikupona sawasawa tena. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la nne. Elisante alisema anakumbuka kwamba sare ilikuwa kubwa mno, na kwamba aliona aibu kuivaa.

Miaka thelathini na tisa ya ndoa, Ruthu alijua kwamba shemeji yake alikuwa na kifua kibovu. Habari ya mbuzi hakuwahi kuisikia. Alimuuliza kwa nini hakumwambia katika wiki zile mbili walizobishana. Elisante akasema alidhani wanabishana juu ya jina.

Ruthu akafungua mfuko wake wa zabibu, akampa kishada. Wakala, wakitemea mbegu viganjani.

Kisha spika ikalia, na rubani akasalimia abiria. Alisema yeye ni Kapteni Abeli Masinjila, kwamba mbele baada ya Singida kuna mawingu mazito ya mvua ambayo hana haja ya kuyachokoza, kwa hiyo watayazunguka upande wa mashariki, na upepo nao unawajia usoni, hivyo watachelewa kidogo. Aliomba radhi, akawataka wafunge mikanda.

Ruthu aliketi wima. Mwalimu wa miaka thelathini na miwili hana pa kwenda asikutane na mtu aliyemsahihishia daftari, hata benki, hata hospitali, lakini huku juu hakuwa amejiandaa. Akamwita Rukaya, akamuuliza kama kapteni huyo amesoma Kongwa. Rukaya akaenda mbele, akanyanyua simu ya ukutani, akazungumza, akarudi na uso wenye tabasamu. Kapteni anauliza kama abiria huyo ni Mwalimu Ruthu wa hesabu. Na kama ndiye, anasema shikamoo.

"Marahaba," Ruthu akajibu, akitazama mlango wa mbele. "Mwambie aangalie anakokwenda."

Muda uliobaki Ruthu aliutumia kuitafakari ile kona ya mashariki. Kilomita zake mia tano na kumi na nane zilikuwa zimenyooka kama rula, na sasa kijana aliyekaa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikuwa anazipinda. Ndege ikatikisika mara mbili juu ya mawingu. Elisante akasema hata treni hutikisika, akalala.

Magurudumu yaligusa Mwanza saa tatu na dakika ishirini na nane, ziwa likiwa limetandaa pembeni. Mlango ukafunguliwa saa tatu na dakika thelathini na tatu. Ruthu akapiga hesabu kabla hajafungua mkanda. Kwa kipimo chake, hewani tu, safari ilikuwa saa moja na dakika kumi na tatu. Yeye amekosea kwa dakika kumi na moja, Elisante kwa ishirini na saba. Kwa kipimo cha Elisante, mlango kwa mlango, ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nane; Elisante amekosea kwa dakika kumi na mbili, yeye kwa ishirini na sita. Kila mmoja alikuwa ameshinda kwa kipimo chake mwenyewe.

Wakasubiri abiria wote washuke. Kapteni Abeli akatoka, mwanamume mrefu mwenye mvi mbili tatu na mistari minne begani, akaondoa kofia na kuinama kidogo, kama wanavyoinama waliowahi kuchapwa. Akawasalimia tena wote wawili. Ruthu hakupoteza muda. Akamweleza shauri lote, karatasi, jina la mtoto, mlango na magurudumu, akamtaka aamue: safari ya ndege ni ipi kati ya hizo mbili?

Abeli akasema kwamba wao huandika zote mbili. Kuna muda tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inaposimama, na kuna muda wa hewani, na kila mmoja una kazi yake. Ruthu akamwambia hakuuliza wanaandika nini, ameuliza ni upi.

Kapteni akageuza kofia mikononi.

"Mwalimu, mtihani wa kidato cha nne wa majaribio, ulitupa swali la ndege kutoka mji mmoja kwenda mwingine, itatumia muda gani. Mimi nikaandika inategemea upepo. Ukanipa sifuri."

Rukaya akajifanya anakunja blanketi. Ruthu aliikumbuka karatasi ile, hata mwandiko. Alikumbuka pia kwamba aliipeleka chumba cha walimu, wakaicheka wakinywa chai.

"Swali lilikuwa limetoa mwendo kasi," alisema hatimaye. "Upepo haukutajwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ningekupa sifuri tena leo." Akarekebisha kitenge. "Lakini umetua vizuri."

Abeli alishukuru kama mtu aliyepewa cheti. Akamshika mkono kumteremsha ngazi, moja moja, na Elisante akafuata nyuma na kidaftari chake, akilalamika kwamba shauri halijaamuliwa na ni saa chache zimebaki.

Anna na Fredy walikuwa wanawasubiri na gari. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, mnene, amefumba macho. Walisalimiana, wakaulizana habari za njiani, zabibu zikaonjwa. Gari lilipotoka kwenye geti, Anna akasema mchungaji ameshapiga simu mara mbili, anataka jina aandike.

"Obedi," Ruthu akasema.

Elisante akageuka mzima mzima. Akasema hapana, ngoja, hilo halijamalizwa, kwa magurudumu ni yeye Ruthu aliyeshinda. Ruthu akasema anajua. Elisante akasema basi kama anajua, aseme ametumia kipimo gani kutangaza. Ruthu akamwambia Anna aandike Obedi, kwa herufi kubwa, na kwamba mjadala umefungwa.

Haukufungwa. Elisante hakuwa mtu wa kupewa ushindi bila hati. Alikula chakula cha mchana akiuliza ni dakika zipi zimehesabiwa. Alipopelekwa kulitazama ziwa, alilitazama kwa adabu, kisha akamwambia Fredy kwamba kazini hakuwahi kupokea treni isiyo na karatasi. Jioni alimfuata mkewe uani, alikokuwa akisaidiana na mama yake Fredy kumwogesha mtoto, akamsihi amwonyeshe walau hesabu. Ruthu alikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Alimwambia kwamba ameoa mwalimu wa hesabu, hajaoa daftari, na amletee taulo. Akaleta taulo.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji, kwa ombi la Anna, alimpa babu nafasi ya kulitaja jina. Elisante alisimama mbele katika koti lake la kustaafia, mtoto mikononi, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Mchungaji akarudia swali polepole, akidhani mzee hakusikia. Elisante akatikisa kichwa, midomo inacheza, machozi yanamdondokea mtoto kwenye shuka jeupe, na waumini wakaanza kuinama kutazama vitabu vyao vya nyimbo.

Ruthu akatoka kwenye benchi, akasimama kando yake, akamshika kiwiko.

"Obedi," akasema, kwa sauti ile ya darasani, hata waliokuwa nje wanaegesha pikipiki wakasikia.

Mtoto, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akashtuka akalia mpaka mwisho wa ibada. Wakaenda nyumbani, wakala wali na sato mkubwa aliyekaangwa mzima, na Elisante akalala kwenye kochi na viatu miguuni, hakuna aliyemwamsha.